'Discipline': Neno lililozaliwa darasani kabla ya kushika kiboko

NENO la Kiingereza 'discipline', ambalo wengi hulifasiri haraka kuwa ni nidhamu, asili yake si adhabu bali mafunzo.

Chimbuko lake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno 'disciplina', lenye maana ya mafundisho au elimu, lililotokana na 'discipulus', yaani mwanafunzi. Wataalamu wa lugha hulihusisha na kitenzi 'discere', maana yake kujifunza. Neno 'disciple' nalo limetoka huko huko; kwa hiyo Biblia ya Kiswahili inapowaita wafuasi wa Yesu wanafunzi, inakaribia asili kuliko wengi wanavyodhani.

Warumi hao hao walilipeleka neno hilo jeshini, kwa maana ya mafunzo na utii wa askari.

Kiboko kiliingia kupitia kanisa. Katika Ulaya ya zama za kati, watawa waliojichapa ili kutubu dhambi waliliita zoezi hilo, na hata mjeledi wenyewe, kwa jina hilo. Kiingereza kilipolipokea kutoka Kifaransa cha kale, takriban karne ya 13, maana ya kurudiwa kwa mapigo ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Maana ya tawi la elimu, kama vile fizikia au historia, ilifuata katika karne ya 14. Kiswahili huiita taaluma, wala hakuna anayeichanganya na bakora.

Nidhamu yenyewe ni neno la Kiarabu, lenye maana ya mpangilio. Shina lake lahusu kutunga shanga katika uzi, na ndilo lililotupatia pia nadhimu, yaani kutunga shairi. Humo kipigo hakimo.

Hata hivyo, mtu akiitwa mbele ya kamati ya nidhamu, hatarajii kufundishwa.

Tofauti hiyo imefika hadi kwenye sheria. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Kwa upande wa Tanzania, kanuni za mwaka 2002 ziliiacha adhabu hiyo, lakini zikaweka kikomo cha viboko 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi.