Kundi Lililobaki Bila Padre: Buganda, 1882 hadi 1885



Wapendwa waamini, kila mwezi wa sita tunapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, huwa tunaanza na moto wa Namugongo. Juma hili tungependa turudi nyuma kidogo, kwenye miaka ambayo mahubiri yetu huipita haraka. Kwa maoni yetu ndiyo inayowafaa zaidi waamini wa vigango, ambako Misa huadhimishwa mara moja kwa mwezi, na hata hiyo hukosekana mvua zikikata njia.

Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, walifika Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Wabatizwa wa kwanza walipatikana mwaka 1880, nao walikuwa wachache, kwa maana mwanzilishi wa Shirika, Lavigerie, aliagiza ukatekumeni wa muda mrefu. Kisha, mnamo Novemba 1882, hali ya ikulu ya Kabaka Mutesa ilipozidi kuwa ya mashaka, wamisionari hao waliondoka wote. Walivuka ziwa kwenda kusini, wakakaa hatimaye Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Huku nyuma hapakuwa na Misa, wala kitubio, wala mpako wa wagonjwa.

Waliobaki walikuwa akina nani? Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, na Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, walikuwa wamebatizwa tarehe 30 Aprili mwaka huohuo. Mathias Mulumba alibatizwa tarehe 28 Mei, baada ya kupitia Uislamu na mafundisho ya Waanglikana. Wakristo wa miezi sita, saba! Nasi leo tunasita kumkabidhi uongozi wa jumuiya mtu aliyepata Kipaimara miaka kumi iliyopita.

Mukasa aliwafundisha vijana wa ikulu. Kaggwa aliwakusanya watu nyumbani kwake. Mulumba, aliyekuwa na cheo cha utawala huko Singo, alibaki na mke mmoja, akawaacha huru watumwa wake, na jumuiya ikakua kumzunguka. Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akawaita wamisionari warudi. Waliporudi Julai 1885 walikuta kundi kubwa kuliko lile waliloliacha.

Tukiri kwamba habari hii hutufurahisha sisi mapadre na kutuchoma pia. Hatusemi kwamba padre si wa lazima. Wale Wakristo walimngoja kwa hamu, nao waliijia Ekaristi kama wenye njaa. Ila imani yao haikungoja.

Miezi minne baadaye, tarehe 15 Novemba 1885, Mukasa aliuawa, baada ya kumlaumu Kabaka kwa kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga alibatizwa, naye akashika nafasi ya Mukasa kati ya vijana. Mwezi Mei 1886, katika usiku wa kuamkia hukumu, Lwanga mwenyewe aliwabatiza Kizito na wenzake. Asubuhi Padre Lourdel alikuwa nje ya ikulu, akiomba kumwona Kabaka. Vijana walipitishwa mbele yake wakiwa wamefungwa kamba.