Jumapili ya Matawi, Mwaka 1865

Leo tunapoyainua matawi yetu, tukumbuke Jumapili ya Matawi nyingine, tarehe 9 Aprili 1865, huko Appomattox, katika jimbo la Virginia, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimedumu miaka minne. Jeshi la Jenerali Lee, wa upande wa Kusini uliotetea utumwa, lilikuwa limezingirwa, tena lina njaa.

Asubuhi hiyo ofisa wake kijana, Alexander, alimshauri asisalimu amri: askari watawanyike porini na silaha zao, vita viendelee kwa kuvizia. Lee alikataa. Alisema watu hao, wasio na chakula wala wa kuwaamuru, wangegeuka wanyang'anyi, na nchi ingechukua miaka kupona. Mchana akajisalimisha kwa Jenerali Grant, naye Grant akawapa washindwa posho ya watu 25,000, akawaruhusu wenye farasi na nyumbu kwenda nao wakalime. Tunakiri kwamba tendo hilo hutugusa.

Walakini, tusiharakishe kusifu. Watumwa wapatao milioni nne, ambao kwa ajili yao damu ilimwagika, hawakuwa na msemaji katika mapatano yale. Na uasi alioukataa Lee ulikuja kupitia mlango wa uani. Huko Pulaski, Tennessee, askari wa zamani wa Kusini waliunda chama cha siri, Ku Klux Klan. Hawa hawakuwavizia majenerali. Waliwavizia usiku watu weusi waliothubutu kupiga kura, pamoja na walimu wao.

Tarehe 13 Aprili 1873 ilikuwa Pasaka. Katika mji wa Colfax, Louisiana, wazungu wenye silaha, wengi wao wapiganaji wa zamani wa Kusini, walilichoma moto jengo la mahakama lililolindwa na watu weusi. Waliuawa makumi ya watu, wengi baada ya kusalimu amri. Wengine walipigwa risasi usiku wakiwa mateka. Wao hawakupewa posho wala nyumbu. Watu wachache walitiwa hatiani, na mwaka 1876 Mahakama Kuu ya nchi ikazifuta hukumu hizo.

Kibao cha serikali ya jimbo kilichosimikwa Colfax kiliyaita mauaji hayo ghasia. Kiliondolewa mwaka 2021. Mnara wenye majina ya watu weusi waliouawa ulizinduliwa mwaka 2023, miaka 150 baada ya Pasaka ile.