Chama Kinapomkana Mgombea Wake



Tarehe 15 Agosti, 2018, wapiga kura wa Manispaa ya Arua, huko West Nile nchini Uganda, walimchagua kuwa Mbunge wao mtu ambaye siku hiyo alikuwa kizuizini, na ambaye hakusimamishwa na chama chochote. Mtu huyo ni Kassiano Wadri.

Uchaguzi huo mdogo uliitishwa kwa sababu ya msiba. Mbunge wa Arua wakati huo, Ibrahim Abiriga wa chama tawala cha NRM, aliyejulikana nchi nzima kwa mapenzi yake ya rangi ya njano ya chama chake, aliuawa kwa risasi tarehe 8 Juni. Kampeni nazo ziliishia katika damu. Tarehe 13 Agosti ilitangazwa kwamba msafara wa Rais Museveni ulipigwa mawe mjini Arua. Jioni hiyo Yasin Kawuma, dereva wa Mbunge Robert Kyagulanyi, akapigwa risasi na kufa. Wadri na wenzake zaidi ya thelathini walikamatwa, na baadaye wakashtakiwa kwa uhaini mjini Gulu.

Mambo hayo yalisikika duniani kote, na ni haki yasisahauliwe. Lakini ndani ya uchaguzi huo mlikuwamo jambo jingine lililopata nafasi ndogo zaidi katika habari. Wadri hakuwa mgeni katika siasa za vyama. Kwa miaka mingi alikuwa Mbunge wa Terego, na alipata kuwa mnadhimu mkuu wa kambi ya upinzani kwa niaba ya chama cha FDC. Hata hivyo, katika Arua FDC ilimsimamisha Bruce Musema, na Dakta Kizza Besigye mwenyewe akaenda kumwombea kura. Mzee wa chama akawa upande mmoja, na chama chake cha siku nyingi upande wa pili.

Kura zilipohesabiwa, Wadri alipata zaidi ya 6,400. Nusura Tiperu wa NRM hakufikia 4,800, na Musema hakufikia 1,400. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo vyama vya Afrika ya Mashariki vimekuwa vikilikwepa tangu siku za kudai uhuru: je, kiti cha Bunge ni mali ya chama, au ni mali ya wapiga kura?

Swali hili halikuzaliwa Arua. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa Agosti 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71, na wagombea 58 walipita bila kupingwa. Kiti kimoja tu kiliponyoka, nacho ni kile cha Mbulu. Aliyekichukua hakuwa adui wa TANU, wala hakuwa kibaraka wa wakoloni. Alikuwa Herman Sarwatt, mwana TANU, aliyesimama mwenyewe dhidi ya mgombea aliyeteuliwa na chama, Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU. Walichokataa ni mtu waliyechaguliwa na wengine.

Somo hilo halikupotea. Mwalimu Nyerere na wenzake waliona kwamba pale ambapo chama kimoja kinaungwa mkono na karibu watu wote, uteuzi wa chama ndio unaokuwa uchaguzi wenyewe, na mwananchi hubaki mtazamaji. Ndiyo sababu mwaka 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, wapiga kura wa majimbo mengi waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Katika uchaguzi huo hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa upande mmoja ulifungwa kwa upande mwingine, kwa kuwa aliyekosa baraka ya chama hakuwa na pa kupita. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi, hadi mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilipoamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki.

Uganda ilipita njia tofauti. Baada ya mwaka 1986 serikali ya NRM ilizuia vyama kusimamisha wagombea, ikasema kila mtu apimwe kwa sifa zake mwenyewe. Kura ya maoni ya mwaka 2005 ilirudisha vyama vingi, lakini mgombea binafsi akabaki na nafasi yake. Wapenzi wa klabu ya mpira ya Onduparaka, timu ya Arua iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, wanajua kwamba mchezaji asiye na jezi haingii kiwanjani. Katika siasa za nchi hiyo, anaingia.

Wapo watakaosema kwamba, kama ni hivyo, basi kila anayekanwa na chama ni shujaa wa wananchi. Hilo si kweli, na ushahidi unatoka huko huko West Nile.  Februari 2014 ndiyo iliyouonyesha. Huko Kyankwanzi, Evelyn Anite, mwenyeji wa Koboko aliyekuwa Mbunge wa vijana wa kaskazini, alipiga magoti akatoa hoja kwamba Rais Museveni awe mgombea pekee wa NRM mwaka 2016. Hoja hiyo ilimfungia njia Amama Mbabazi, aliyekuwa Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama. Mbabazi akasimama kama mgombea binafsi, na kwa ukubwa wote wa jina lake hakufikia asilimia 2 ya kura. Wananchi walipewa nafasi ya kuutengua uamuzi wa chama, nao hawakuutengua.

Naye Anite alichaguliwa kuwa Mbunge wa Manispaa ya Koboko mwaka 2016. Lakini Septemba 2020, katika mchujo wa chama hicho hicho, ambapo wanachama walipanga mstari nyuma ya mtu wamtakaye, alishindwa na Dakta Charles Ayume. Kibali cha wakubwa hakikuwa kinga mbele ya mstari wa wanachama.

Sheria nayo imesema neno lake. Mwaka 2013 NRM iliwafukuza wabunge wake wanne, Theodore Ssekikubo, Wilfred Niwagaba, Barnabas Tinkasiimire na Mohammed Nsereko, kisha ikataka viti vyao vitangazwe kuwa wazi. Katiba ya Uganda inasema kwamba Mbunge anayekihama chama chake hupoteza kiti. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kufukuzwa si kuhama. Chama kilikuwa na haki ya kuchukua kadi yake, lakini si kiti. Na katika uchaguzi wa mwaka 2021 wagombea binafsi walioingia Bungeni walizidi 70, wengi kuliko wabunge wa chama chochote cha upinzani. Wengi wao walikuwa wana NRM walioanguka katika mchujo.

Hapana shaka kwamba chama kisicho na nidhamu si chama. Mwananchi anayeona alama ya chama ana haki ya kujua kwamba nyuma yake kuna sera, na kwamba yuko wa kuwajibishwa sera hiyo isipotekelezwa. Mgombea binafsi hana kikao kinachoweza kumwita na kumhoji, na ahadi zake zinaweza kuishia siku ya kuapishwa. Hiyo ndiyo hasara yake.

Lakini nidhamu ya chama ni dhamana iliyotolewa na wanachama, si rungu la kuwapigia. Mbulu, Arua na Koboko zinatoa fundisho moja. Chama kinaweza kumnyima mtu jina lake, alama yake na jukwaa lake, ila hakiwezi kuwanyima watu kumbukumbu ya yale aliyowatendea. Kabla ya kumkana mgombea, viongozi wa chama hawana budi kwanza kwenda kuwauliza wale watakaopiga kura. Wakiacha kuuliza, jibu litakuja lenyewe siku ya uchaguzi, na litasomwa hadharani na msimamizi wa kura.