Gitaa na Mwenye Vyombo
Hukwe Zawose, aliyeishi Bagamoyo hadi kufariki kwake 2003, alipiga zeze alilojiundia mwenyewe. Mpiga gitaa la umeme wa bendi za Dar es Salaam hakuwa na bahati hiyo. Gitaa lile la mbao nzima, lisilo na tumbo, huwa kama bubu bila amplifaya na spika, na vyombo hivyo vilikuwa vya mwenye bendi. Vya NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Kiganja kikabandua rangi, nyuzi zikala vyuma vya shingoni, jasho likazama mbaoni. Mpigaji akihama, na kuhama kulikuwa desturi (Mlimani Park ya 1978 ilijengwa kwa wahamaji), gitaa lilibaki. Aliyeshika nafasi yake aliweka vidole palepale palipokwisha kulika.