Ngao na Risasi: Kinga ya Mpiganaji katika Historia Yetu

Katika Nembo ya Taifa letu bibi na bwana wamesimama kandokando ya ngao. Aghalabu tunapoitazama nembo hiyo tunavutwa na mwenge, bendera, jembe na shoka vilivyochorwa juu ya ngao, tukakisahau chombo chenyewe kinachobeba alama hizo. Ngao, kabla ya kuwa alama, ilikuwa kazi ya fundi. Ilikuwa jibu la swali gumu linaloikabili kila jamii yenye wapiganaji: tumpe nini mwenzetu anayetutangulia vitani, ili arudi akiwa mzima?

Tuanze na Wamasai. Ngao yao ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, ambayo ni nene na ngumu. Ngozi ilikatwa kwa umbo la yai refu, ikawambwa na kukaushwa, kisha ikashonewa ukingo wa mti. Upande wa nyuma ulifungwa ufito imara kutoka juu hadi chini, nao ulipindwa katikati ili mkono upate mahali pa kushika. Uso wa ngao ulibinuka kwa nje, hata mkuki uliokuja kwa mshazari uweze kuteleza kando. Juu yake zilichorwa alama za rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, ziitwazo sirata, zilizomtambulisha mwenye ngao kuwa ni wa kundi gani.

Fundi huyo alijua kupima. Ngao haikuufunika mwili wote, na haikukusudiwa kuufunika. Iliukinga kifua na tumbo, mahali ambapo jeraha moja hutosha kuua, ikaiacha miguu huru. Ngao kubwa kupita kiasi humfaa aliyesimama, bali humlemea anayekimbia. Na vita vya mikuki ni vita vya mbio.

Wangoni nao walikuja na ujuzi wao. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, na katika miaka ya 1840 wakafika Ufipa. Walikuwa na mkuki mfupi wa kuchoma na ngao ya ngozi ya ng'ombe iliyotiwa fimbo katikati. Silaha hizo zilikwenda pamoja na mpango wa vikosi: wapiganaji walisonga kwa safu, kila mmoja akimtegemea wa ubavuni mwake. Wasangu na Wahehe waliziona nguvu za mpango huo, wakauiga.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walikivamia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Ushindi huo unahitaji kuelezwa barabara. Haikuwa ngozi iliyozuia risasi. Wahehe walijificha vichakani kandokando ya njia, wakatokea ghafula karibu mno, hata adui asipate nafasi ya kutumia bunduki zake ipasavyo. Siku hiyo kinga yao kubwa ilikuwa kuunyima moto wa bunduki umbali unaouhitaji. Lakini Wajerumani hawakurudi tena kwa namna ile. Mwezi Oktoba 1894 waliishambulia ngome ya Kalenga kwa mizinga, wakaiteka.

Kwa nini ngozi ilishindwa? Mkuki husukumwa na mkono wa binadamu, na ngozi kavu huweza kuuzuia au kuupotosha. Risasi ni ndogo, lakini huja kwa kasi kubwa mno, na nguvu yake yote hutua mahali padogo. Hapana ngozi ya mnyama iwezayo kustahimili pigo hilo.

Ni katika hali hiyo kwamba Vita vya Maji Maji vilizuka mwaka 1905. Watu wa kusini walikuwa wamechoshwa na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale, kutoka Ngarambe, aliwapa dawa ya maji na kuwaahidi kuwa risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Wako wanaoicheka dawa hiyo. Sisi hatuoni la kuchekesha. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwa wamepigana upande mmoja kabla ya hapo, na hiyo ni kazi ambayo ngao yoyote ya ngozi isingeiweza. Hata hivyo, ukweli wa pili nao hauna budi kusemwa. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, wakapokewa na bombomu, zile bunduki zitoazo risasi mfululizo. Walianguka kwa wingi. Hawakupungukiwa na ushujaa. Walipungukiwa na kinga.

Wala Wazungu wenyewe hawakuwa na jibu wakati huo. Mavazi yao ya chuma ya zamani yalikwisha kuachwa, kwa kuwa chuma kinene cha kuzuia risasi kilikuwa kizito mno kwa askari kuvaa. Waliingia katika vita vya 1914 wakiwa na kofia za kitambaa na za ngozi, na mwaka 1915 tu ndipo Wafaransa na Waingereza walipoanza kuwapa askari wao kofia za chuma, hasa kwa ajili ya vipande vya makombora. Mwaka 1965 mwanakemia wa Marekani, Stephanie Kwolek, aligundua uzi wa Kevlar, ambao kwa uzito ulio sawa una nguvu mara tano kuliko chuma. Nyuzi hizo zikifumwa tabaka juu ya tabaka huidaka risasi ya bastola na kulitawanya pigo lake. Kwa risasi ya bunduki huongezwa bamba gumu la kauri kifuani na mgongoni.

Nao mafundi hao wa leo huifunika sehemu yenye moyo na mapafu, wakaiacha miguu huru. Hesabu ni ile ile ya fundi wa ngozi ya nyati: uzito kwa upande mmoja, uhai kwa upande wa pili.

Basi tunapoitazama ngao katika nembo yetu, tukumbuke kuwa ni deni. Taifa linalomtuma kijana wake vitani limekwisha kuupata ushujaa wake. Yeye ameutoa bila kudai. Linalobaki juu ya taifa ni kumtafutia kinga iliyopimwa dhidi ya silaha atakayoikabili, kabla hajaikabili. Waliolala Mahenge walitimiza sehemu yao.