Slemu (briji): mpango wa mwenye mkataba

Slemu ni mkataba wa ngazi ya juu katika mchezo wa karata wa briji. Upande ulioshinda mnada unaahidi kula mizunguko 12 kati ya 13, yaani slemu ndogo, au yote 13, yaani slemu kubwa. Mpango wa mwenye mkataba ni hesabu anayoipiga baada ya mpinzani wa kushoto kutoa karata ya kwanza na mwenzi kulaza karata zake mezani, kabla ya karata yoyote kati ya hizo zilizolazwa kuguswa. Slemu nyingi zinazokufa hufia hapo hapo kwenye mzunguko wa kwanza, ingawa mchezaji mwenyewe huja kugundua mizunguko minane baadaye.

Msomaji aliyezoea wahedisitini ya barazani Unguja au Mombasa ana mengi anayoyajua tayari: watu wanne, wenzi wanaokaa wakitazamana, turufu, na sharti la kufuata aina iliyotangulia. Tofauti ni tatu. Wahedisitini huhesabu pointi zilizomo ndani ya karata: ree 11, seti 10, jumla 120, na mwenye 61 ndiye mshindi. Katika briji kila mzunguko una thamani ileile, uwe umeliwa kwa ree au kwa 2 ya turufu. Pili, turufu hupatikana kwa mnada, na anayeinunua hutaja pia idadi ya mizunguko atakayokula. Tatu, mwenye mkataba huchezesha mikono miwili, wake na ule wa mwenzi uliolazwa wazi, na mwenzi hukaa kimya. Kwa hiyo anaziona karata 26 kati ya 52. Zile 26 nyingine anazijua zote kwa majina. Asichokijua ni nani kashika ipi.

Karata hupangwa kwa nguvu hivi: ree, mfalme, malkia, ghulamu, kisha 10 hadi 2. Karata zilizochapwa kwa Kifaransa, ambazo ni rahisi kukutana nazo Goma, Sake au Shasha, mashariki mwa Kongo, kuliko Dar es Salaam, huandikwa R kwa mfalme, D kwa malkia na V kwa ghulamu, na slemu yenyewe kwa lugha hiyo ni chelem. Aina nne ni shupaza, kopa, uru na pau.

Briji ya sasa ilitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, akiwa safarini melini kupitia Mfereji wa Panama. Katika mchezo wa awali, mizunguko uliyokula zaidi ya ahadi ilihesabiwa kama uliyoiahidi, hivyo hakukuwa na sababu kubwa ya kupanda juu mnadani. Vanderbilt aliamua kwamba zawadi ya slemu ipewe yule tu aliyeitaja. Kwa kanuni za leo zawadi ya slemu ndogo ni pointi 500, au 750 kwa upande ulio hatarini, yaani ule ambao zawadi na adhabu zake huongezwa. Ya slemu kubwa ni 1,000 au 1,500. Upande ulio hatarini unaotimiza slemu kubwa ya kopa huandikiwa jumla ya 2,210. Ukikosa mzunguko mmoja tu, wapinzani huandikiwa 100 na wewe huna kitu. Pengo hilo ndilo linalofanya dakika moja ya kufikiri iwe na thamani kubwa kuliko mahali pengine popote mchezoni.

Katika mkataba wa turufu, hesabu huanza na karata zinazoweza kuliwa, na mizunguko ya hakika hufuata. Mfano huu unaonyesha kwa nini yote mawili yanahitajika. Mkataba ni slemu kubwa ya kopa, na mwenye mkataba ni Kusini.

Kaskazini, mkono wa wazi: shupaza ree, malkia, 5, kopa mfalme, ghulamu, 7, 4, uru ree, mfalme, 6, 5, 2, pau 3.

Kusini: shupaza 7, 2, kopa ree, malkia, 10, 9, 6, 3, uru 7, 4, pau ree, mfalme, 5.

Magharibi anaanza na shupaza 6.

Turufu za Kusini ni mizunguko sita. Pau 5 ikikatwa kwa turufu ya mezani ni wa saba. Ree na mfalme wa pau, ree na mfalme wa uru, na ree ya shupaza vinafikisha 12. Kinachobaki bila mwenyewe ni karata moja, shupaza 2. Mkono unawasha kutoa malkia: kama mfalme wa shupaza yuko kwa Magharibi, malkia atapenya na kazi imekwisha. Hiyo ni nafasi ya asilimia 50 kwa hesabu, na kwa kweli ni chini ya hapo, kwa sababu mchezaji mzoefu huogopa kuanza chini ya mfalme wake dhidi ya slemu kubwa. Magharibi alipotoa shupaza bila wasiwasi, alikuwa anatoa dokezo kwamba mfalme hayuko kwake.

Njia ya pili imo kwenye uru. Kaskazini ana uru tano, Kusini mbili, wapinzani sita. Uru sita hugawanyika 3-3 mara 35 na nusu katika kila 100, na 4-2 mara 48 na nusu hivi. Kwa migawanyo hiyo yote miwili, uru ya tano ya mezani inaweza kukomazwa, kisha shupaza 2 ikatupwa juu yake. Jumla ni asilimia 84. Takwimu za namna hii zilifanyiwa kazi ya kina na Wafaransa Émile Borel, mwanahisabati, na André Chéron katika kitabu chao cha mwaka 1940 kuhusu nadharia ya hisabati ya briji, na wachezaji wa mashindano wanazijua kwa moyo.

Basi ree ya shupaza inaliwa mara moja na malkia anaachwa. Zinafuata ree na mfalme wa uru, kisha uru ya tatu inakatwa mkononi kwa kopa 9. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito: turufu walizonazo wapinzani ni 8, 5 na 2, kwa hiyo ukikata kwa 9 au 10 hakuna wa kukupita. Anayekata kwa 3 kwa kubana matumizi anastahili kupitwa. Kopa 3 inakwenda kwa ghulamu wa mezani, uru ya nne inakatwa kwa kopa 10, na kopa 6 inarudi kwa mfalme. Turufu za wapinzani zikiwa zimegawanyika 2-1 zimekwisha, na uru 6 sasa ni mwenye nyumba. Zikiwa 3-0, turufu ya mwisho inakaushwa kwa malkia wa kopa, unakula ree ya pau, na pau 5 inakatwa mezani kwa kopa 7; uko mezani tena na uru yako inakusubiri.

Ndiyo maana turufu hazikukaushwa zote mwanzoni. Desturi ya kukausha turufu kwanza ni njema kwa anayeanza, lakini katika slemu turufu kubwa za mezani mara nyingi ndizo njia pekee za kurudi huko, na ukizimaliza mapema utaziona karata zako nzuri zimelala mezani usiweze kuzifikia.

Kama Magharibi angeanza na pau, mkono huohuo ungekuwa mwepesi zaidi. Asingekulazimisha kuamua habari ya shupaza mapema, hivyo ungejaribu uru kwanza, na zikigawanyika vibaya ungebaki na nafasi ya kumpenyeza malkia. Nafasi mbili zikipangwa zifuatane, jumla hukaribia asilimia 92. Utaratibu ni huo karibu kila mahali: jaribio lisilopoteza mzunguko litangulie, lile la kufa na kupona lije mwisho.

Katika slemu ndogo fikra hugeuka, kwa kuwa mzunguko mmoja unaruhusiwa kupotea na kazi ni kuzuia wa pili. Chukua turufu ree, 10, 6, 5, 3 mkononi na mfalme, 9, 4, 2 mezani, na pembeni hakuna kinachoweza kuliwa. Hatari ni turufu nne za wapinzani kukaa zote kwa mtu mmoja, jambo linalotokea karibu mara 10 katika 100. Toa 3, na Magharibi akiweka karata ndogo, weka 9. Mashariki akila kwa malkia au ghulamu, mbili zilizobaki zitaangukia chini ya ree na mfalme. Asipokuwa na turufu, 9 imekula. Na kama Magharibi ndiye asiye nayo, panda na mfalme kisha rudi kuelekea ree na 10. Katika mashindano ya jozi, ambako hata mzunguko wa ziada una malipo, wengine huuacha usalama huu. Katika mashindano ya timu kuuacha ni uzembe.

Barani Afrika mashindano huendeshwa chini ya Kanda ya 8 ya Shirikisho la Briji la Dunia, lililoundwa mwaka 1958, na Kenya ni mmoja wa wanachama wake. Mwafrika aliyejulikana zaidi mezani ni mwigizaji Omar Sharif, mzaliwa wa Alexandria, aliyeichezea Misri katika Olimpiki ya briji ya mwaka 1964 na baadaye akaandika safu ya magazeti kuhusu mchezo huu.