Maziwa ya Njiwa: Historia Fupi ya Ulezi wa Makinda

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi walimu wa Kiswahili huitumia methali hii darasani kila muhula, na karibu kila mara tunazungumzia malezi ya binadamu. Katika makala haya tunakusudia kuipeleka mahali pengine, yaani kwenye kibanda cha njiwa. Historia ya watu waliojaribu kulea makinda wa njiwa nyumbani inahusu aina moja ya njiwa iliyotoweka kabisa, na nyingine iliyookolewa wakati msituni walikuwa wamebaki ndege wapatao 10 tu.

Tuanze na majina, maana hiyo ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina njiwa, hua, tetere, pugi na ninga. Neno njiwa lina ndugu zake katika lugha nyingine za Kibantu: hapa Uganda Waganda husema ejjiba, na Wazulu wa Afrika Kusini husema ijuba. Hata hivyo, njiwa wa kufugwa huitwa njiwa manga, na Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa pande za Maskati. Manga hiyohiyo ndiyo tunayoikuta katika pilipili manga. Kwa hiyo neno njiwa ni letu, lakini sifa aliyopewa ndege wa bandani inamtaja kuwa mgeni aliyekuja kwa njia ya bahari. Waingereza nao walimpa hua wa kufugwa jina la Barbary, yaani pwani ya Afrika Kaskazini. Asili ya hua huyo ni hua wa porini anayeishi katika ukanda wa Sahel, kutoka Senegal hadi Bahari ya Shamu, na ng'ambo yake kusini magharibi mwa Uarabuni. Msomaji amkumbuke hua huyu, kwani tutakutana naye tena.

Kwa nini kinda wa njiwa ni mgumu kulea? Kifaranga wa kuku hutembea na kudonoa mara tu anapokauka manyoya. Kinda wa njiwa huzaliwa akiwa amefumba macho, mwilini ana malaika machache ya manjano, na hawezi kujilisha. Katika siku zake za mwanzo hali nafaka. Wazazi wake wote wawili, dume na jike, humtapikia kinywani uji mzito mweupe unaotoka katika utando wa ule mfuko wa shingoni ambamo ndege huhifadhi chakula. Mnamo mwaka 1786 John Hunter, daktari mpasuaji wa London, alieleza kwa maandishi jinsi uji huo unavyotokea. Watu waliuita maziwa ya njiwa, ingawa haufanani sana na maziwa ya ng'ombe: una protini na mafuta mengi, lakini hauna sukari ya maziwa. Hapo ndipo wafugaji walipokwama. Mkono wa mtu unaweza kushika nafaka na maji, lakini hauna maziwa hayo.

Suluhisho la kale lilikuwa kumtafutia kinda yaya, yaani kumweka chini ya njiwa mwingine anayeatamia au kulea wakati uleule. Mtu aliyelitumia suluhisho hili kwa makini alikuwa Charles Otis Whitman, profesa wa zuolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago kuanzia mwaka 1892. Nyumbani kwake alifuga njiwa wa aina nyingi, na miongoni mwao walikuwemo njiwa wahamaji wa Amerika Kaskazini. Inakadiriwa kwamba ndege hao waliwahi kuwa kati ya bilioni 3 na 5, lakini uwindaji wa kibiashara na ukataji wa misitu uliwamaliza. Whitman aliwapa hua wa kufugwa kazi ya kulea makinda wa njiwa wahamaji. Makinda walikua. Lakini alipowachunguza baada ya kukomaa, aliona jambo la kusikitisha: madume waliolelewa na hua walitaka kuoana na hua, si na njiwa wa aina yao. Watoto waliotokana na mchanganyiko huo walikuwa tasa. Mtoto alikuwa amekua kama alivyolelewa.

Whitman alifariki Desemba 1910 kwa homa ya mapafu, baada ya kushinda nje kwenye baridi akiwahamishia njiwa wake katika mabanda ya majira ya baridi. Njiwa mhamaji wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Aidha, mwanafunzi wa Whitman aitwaye Oscar Riddle aliendelea kuchunguza njiwa, na mwaka 1933 yeye na wenzake walieleza homoni inayosababisha maziwa ya njiwa. Waliiita prolaktini. Ndiyo homoni hiyohiyo inayohusika na maziwa ya mama wa binadamu.

Sasa tuvuke Bahari ya Hindi hadi Mauritius. Kisiwa hiki kilimpoteza dodo katika karne ya 17, na wasomaji wengi watashangaa kusikia kwamba dodo alikuwa wa jamii ya njiwa. Ndugu yake, njiwa wa waridi, alikaribia kumfuata kwa sababu ya kukatwa kwa misitu na kuletwa kwa panya, paka na nyani kutoka nje. Kuanzia miaka ya 1970 watunzaji walichukua baadhi ya ndege na kuwazalisha kizimbani. Yaya aliyetumiwa hapa pia alikuwa yuleyule hua wa kufugwa mwenye asili ya Afrika. Kuanzia mwaka 1987 ndege waliozalishwa kizimbani waliachiwa msituni, wakaongezewa chakula na kulindwa dhidi ya panya na paka. Mwaka 1990 msituni kulikuwa na ndege wapatao 10. Leo wanahesabiwa kwa mamia. Mwaka 2018 aina hii iliondolewa katika kundi la walio hatarini na kuwekwa katika kundi lenye hatari pungufu.

Tofauti ya visa hivi viwili haiko kwa yaya. Huko Chicago hapakuwa tena na kundi la porini la kuwapokea waliolelewa. Huko Mauritius palibaki msitu mdogo, na watu waliukalia ulinzi. Malezi ya kizimbani yalifaa pale tu palipokuwa na nyumbani pa kurudi.

Kwa wanafunzi wetu wanaofuga njiwa nyumbani, ushauri ni mfupi. Ukimkuta kinda ameanguka, mrudishe kiotani. Kama wazazi wake hawapo, mpe joto, mtafutie njiwa mwenye makinda wa umri wake, wala usimpe maziwa ya ng'ombe. Na utakapokwenda likizo, waulize wazee wa kwenu majina ya njiwa na hua wa mahali penu, ukaandike jina, sauti na rangi ya kila mmoja. Idara itafurahi kuyapokea.